Kwa nini picha za gemu za sasa ni kali lakini mchezaji hajui atazame wapi?

#1 Wino Mzito

Wakuu salaam.

Nina dai, naomba tulichambue pamoja. Gemu kubwa za sasa zimechorwa kwa ustadi wa kutisha. Ngozi ya mhusika ina vinyweleo, jiwe lina kuvu, dimbwi la maji linaakisi mawingu yanayopita. Lakini nikiingia kwenye chumba kipya nasimama katikati nikizungusha kamera. Mlango upi unafunguka? Ukingo upi unashikika? Lile sanduku ni la kufunguliwa au ni pambo? Nikirudi kwenye gemu za miaka ya 1980 na 1990, zenye rangi za kuhesabika, sipotei kabisa. Kitu cha hatari nakijua kabla hakijanifikia.

Chukueni Mario, aliyezaliwa kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Kofia, masharubu, ovaroli, basi. Ukiwa upande wa pili wa chumba unajua ni yeye na unajua anaelekea wapi.

Nasema hivi: mchoraji wa zamani alichora ili mchezaji aelewe, wa sasa anachora ili mtazamaji ashangae. Walio kwenye kazi hii mje mseme, ila mje na mifano.

#2 Kipanya

Mada nzito. Nimekaa siti ya mbele.

#3 Mzee wa Pikseli

Mtoa mada, hoja ni nzuri ila tuweke rekodi sawa. Mario hakuzaliwa 1985. Alionekana mara ya kwanza kwenye Donkey Kong ya 1981, akiitwa Jumpman, na aliyembuni ni Shigeru Miyamoto. Hivyo vitu ulivyovitaja navyo havikuwa urembo. Kwenye pikseli (vile vidoti vya skrini) 16 kwa 16 mdomo hauonekani, ndiyo maana akapewa pua kubwa na masharubu chini yake. Nywele zinatakiwa zipepee mtu akiruka, na kuzichora zikipepea ni kazi, ndiyo maana akavikwa kofia. Ovaroli ni ili mikono iwe na rangi tofauti na kiwiliwili, uione ikicheza anapokimbia.

Nachora spraiti, yaani vijipicha vya wahusika na vitu vya gemu, hadi leo, najua maumivu yake. Kwenye NES, mashine ya gemu ya Nintendo, kila spraiti ilikuwa na rangi tatu, ya nne ni uwazi. Super Mario Bros. nzima iliingia kwenye kilobaiti 40. Mawingu na vichaka vyake ni umbo lilelile lililobadilishwa rangi, nenda kaangalie tena. Pambo lisilo na kazi utaliweka wapi kama nafasi yenyewe huna? Ufinyu ndio uliokuwa mwalimu.

#4 Binti Rangi

Mzee wa Pikseli, nakuheshimu, lakini huo ufinyu ulifundisha pia gemu mbovu nyingi mno. Tunakumbuka Mario, Pac-Man na Sonic kwa sababu zilikuwa bora. Zile ambazo adui alikuwa na rangi ileile ya ukuta, ukafa bila kujua kilichokuua, hakuna anayezianzishia uzi. Mtoa mada anapima bora ya zamani dhidi ya wastani wa sasa. Hicho kipimo hakiko sawa.

#5 Kioo cha Zamani

Kuna kitu nyote mmekiruka: televisheni. Wale wachoraji hawakuchora kwa ajili ya skrini mnazotumia leo. Walichora kwa ajili ya televisheni za kioo kizito, ambazo pikseli moja ilivujia rangi kwenye jirani yake. Walilijua hilo na walilitumia. Maporomoko ya maji kwenye Sonic the Hedgehog ya 1991 yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja umejazwa, unaofuata ni tupu. Kwenye skrini ya kisasa unaona mistari. Kwenye televisheni ya wakati ule, kwa waya wa kawaida wa video, mistari iliyeyuka na maji yakaonekana yanapenyeza mwanga, wakati mashine yenyewe haikuwa na uwezo huo.

Kwa hiyo hizo pikseli zenye kona kali ambazo watu wanazisifu leo si zile alizokuwa akiziona mchoraji mwenyewe.

#6 Mzee wa Pikseli

Kioo cha Zamani, hapo umegonga ndipo. Ila hiyo inaeleza uzuri. Haielezi kwa nini mtoa mada hapotei.

#7 Fundi Modeli

Mimi ni mmoja wa hao "wa sasa" mnaowasema. Kazi yangu ni vitu vya mazingira: mapipa, viti, nguzo, mabomba. Ngoja nieleze pipa moja linavyotengenezwa, halafu muamue kosa liko wapi.

Mchoro wa dhana, yaani mchoro wa mwanzo unaoonyesha kitu kitakavyokuwa, unatoka kwa mtu mwingine. Mimi nachonga pipa lenye undani wote, kila mbonyeo na kila ribiti, hadi linafika mamilioni ya pembetatu, zile zinazojenga umbo ndani ya kompyuta. Hilo haliingii kwenye gemu. Natengeneza la pili, jepesi, la pembetatu elfu chache, kisha undani wa lile la kwanza nauhamishia kwenye picha maalumu inayoidanganya taa kwamba hapa pana bonde na hapa pana mwinuko, ingawa uso ni bapa. Halafu nalikunjua pipa lote likae bapa ili lipakike rangi, na mishono ya mkunjuo naificha upande ambao jicho haliendi. Ndipo zinakuja picha za uso wenyewe: rangi ya msingi, ukwaru, na ipi ni chuma tupu, ipi imepakwa rangi. Kutu haikai popote tu. Inaanzia pale rangi ilipobanduka na maji yalipotuama, yaani chini ya ukingo na kuzunguka ribiti, halafu inachirizika kwenda chini. Ukiitapanya kila mahali, pipa linasema uongo na mtu yeyote atahisi, hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kisha hesabu. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, kila pikseli baiti 4, ni megabaiti 64 kabla ya kubanwa. Pipa linataka picha tatu au nne za namna hiyo. Mhandisi wa utendaji anakuja anasema shuka hadi 1024, yaani sehemu moja ya kumi na sita. Nashuka.

Sasa jambo lenyewe. Katika hatua zote hizo, mara nyingi hakuna anayeniambia pipa litakaa chumba gani, litamulikwa vipi, wala kama mchezaji atalihitaji. Nalikabidhi, linaingia maktaba, anayepanga mazingira analichukua na kuliweka. Kila mmoja wetu anataka pipa lake, kiti chake, ukuta wake uwe bora kuliko vyote, kwa sababu hicho ndicho atakachoonyesha akitafuta kazi nyingine. Weka vitu mia vya aina hiyo kwenye chumba kimoja, kila kimoja kinapiga kelele "nitazame mimi". Ustadi upo wa kutosha, ila kazi imegawanywa mno.

#8 Kipanya

Fundi, sijawahi kuliheshimu pipa kama leo. Nimekuwa nayalipua tu.

#9 Mwendo Kasi

Fundi Modeli ameeleza vizuri, ila mnaongea kama vile gemu ni picha iliyotulia. Mimi ni mtu wa animesheni. Mchezaji anasoma mwendo kabla hajasoma rangi.

Adui anapoinua rungu nampa fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo) kama 30 za kuinua, yaani nusu sekunde kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde. Hiyo ni barua ninayokuandikia: nakuja, kwepa. Pigo lenyewe ni fremu 3 au 4, huwezi hata kuliona vizuri. Halafu anabaki ameinama kwa muda, na hapo ndipo pa kumrudishia. Mhusika wako wewe ni kinyume kabisa. Ukibonyeza kitufe, kitu kitokee papo hapo. Nikikuwekea fremu 30 za kuvuta mkono utasema gemu ni nzito, utaifuta. Kwa hiyo mvuto naukata hadi fremu chache na uzito wote nauhamishia baada ya pigo: mwili unapitiliza, nguo inafuata nyuma, mguu unateleza kidogo ndipo unasimama.

Mwendo unaorekodiwa kutoka kwa mwigizaji wa kweli hauji hivyo. Binadamu halisi hujiandaa kidogo sana kabla ya kupiga, na anaporudi hurudi kivivu. Ukiuchukua kama ulivyo unapata uzuri wa kutazama na ugumu wa kusoma. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo gemu nyingi zilipojikwaa: mwendo halisi umewekwa pale palipotakiwa mwendo unaosomeka.

#10 Binti Rangi

Mwendo Kasi, kurekodi binadamu hakujaanza leo. Jordan Mechner alimpiga mdogo wake video akikimbia na kuruka, akachora juu ya fremu zile, ndiyo gemu yake ya Prince of Persia ya 1989 kwenye kompyuta ya Apple II. Mwendo halisi kabisa, na ulisomeka. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa uhalisi.

#11 Mwendo Kasi

Ulisomeka kwa sababu alichagua fremu chache sana kati ya zile, na mhusika alikuwa mweupe mbele ya ukuta mweusi. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Na hata hapo watu walilalamika kwamba yule mtu anachelewa kugeuka.

Ila asante kwa kumtaja, kwa sababu kuna jambo zuri pale. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imekwisha, hakuna nafasi ya kuchora adui mpya. Mechner akachukua michoro ileile ya mhusika, akaipitisha kwenye hesabu ya biti ikageuka kivuli kinachometameta, na yule kivuli akawa mpinzani anayekumbukwa kuliko wote kwenye gemu ile.

#12 Mzee wa Pikseli

Ufinyu ndio mwalimu. Nilisema.

#13 Kivuli Kirefu

Natoka kwenye taa. Fundi Modeli analaumu mgawanyo, Mwendo Kasi analaumu mwendo, mimi nasema hamjataja mwanga.

Zamani mwanga ulichorwa. Mchoraji aliamua ukingo huu ung'ae, huu ufe. Sasa mwanga unakokotolewa. Unaweka jua, dirisha na ukuta, injini, yaani programu inayoendesha gemu, inakupa jibu sahihi la kifizikia, na jibu sahihi mara nyingi ni chumba kilichomulikwa sawasawa kila kona. Hakuna mpiga picha za filamu anayekubali mwanga wa hivyo. Anaongeza taa, anaziba dirisha, anatupa kivuli pale asipotaka utazame. Kazi yangu ni hiyohiyo, ila huwa naitwa mwisho, vitu vyote vimeshapangwa na tarehe ya kutoka imeshatangazwa.

Ndiyo maana mkaona ile rangi ya njano. Resident Evil 4 iliyotengenezwa upya mwaka 2023 ina masanduku na ngazi zenye rangi ya njano. Final Fantasy VII Rebirth ya 2024 ikaweka njano kwenye miamba ya kupanda, na watu wakagombana mitandaoni kuanzia siku sampuli yake ya kujaribu ilipotoka. Njano ile ni bandeji. Ni dalili kwamba mwanga, umbo na mpangilio vimeshindwa kumwambia mchezaji "pita hapa", kwa hiyo mtu kapewa kopo la rangi.

#14 Wino Mzito

Kivuli Kirefu, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta na sikujua kukisema. Njano ndiyo ushahidi wangu.

#15 Mpangaji

Taratibu na hiyo njano, wakuu. Napanga mazingira ya kila hatua ya gemu, nimekaa nyuma ya wachezaji wa majaribio nikiwatazama. Mtu mzima, mwenye akili zake, anasimama mbele ya ngazi iliyomulikwa vizuri kabisa na taa za watu kama Kivuli Kirefu, anageuka, anaondoka, anazunguka dakika kumi akitafuta njia. Ukimuuliza anasema alidhani ni ya mapambo, kwa sababu gemu iliyopita ilimfundisha kwamba ngazi nyingi ni za mapambo. Ukiweka rangi anapanda bila kusita. Ninyi mnaochukia njano ni wachezaji wazoefu. Kuna mtu anashika kidhibiti kwa mara ya kwanza.

Tena rangi ya kuongoza haijaanza 2023. Mirror's Edge ya 2008 ilipaka nyekundu kwenye milango, mabomba na mbao za kurukia, jiji lote likiwa jeupe, na watu waliisifu.

#16 Kivuli Kirefu

Mpangaji, Mirror's Edge inanitetea mimi. Pale jiji zima lilichorwa jeupe tangu mwanzo ili nyekundu iwe lugha. Hawakumaliza kuchora kisha wakaja na kopo. Nyekundu ilikuwa ndani ya wazo.

#17 Mpangaji

Nakubali nusu. Lakini ni wangapi wana ruhusa ya kupaka jiji zima jeupe? Mwenye fedha anataka uhalisi, anataka kuona majani.

Na kwa wanaochukia: Shadow of the Tomb Raider ya 2018 ilikuachia uchague ugumu wa upekuzi peke yake. Ukiuweka juu, alama za rangi kwenye kingo zinaondoka. Ni jambo la kuweka kwenye mipangilio, halihitaji vita.

#18 Jicho Moja

Naomba niingize sauti ambayo huwa inasahaulika. Mimi sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini takribani mwanamume 1 kati ya 12 ana tatizo la aina hii, kwa hiyo tuko wengi kwenye meza za wachezaji. Mnapobishana nyekundu au njano, kumbukeni kuna gemu ambazo adui ana mwanga mwekundu na rafiki ana wa kijani na mimi naona rangi moja ya tope. Nimewahi kuwapiga wenzangu mechi nzima wakidhani nafanya makusudi.

Kinachoniokoa ni umbo. Kila mmoja akiwa na umbo lake, sihitaji rangi.

#19 Binti Rangi

Jicho Moja, asante sana kwa kusema. Hiyo ndiyo hoja ya Team Fortress 2 ya 2007. Kuna wahusika tisa, na ukiwajaza wote nyeusi tii bado unamtambua kila mmoja: jitu lenye bunduki kubwa, mwembamba anayekimbia, mwenye helmeti. Valve, waliotengeneza gemu hiyo, waliandika wazi mwaka huohuo jinsi walivyofanya. Walisoma michoro ya J. C. Leyendecker, mchoraji wa majarida wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, wakachukua kingo zake zinazong'aa. Na utofauti mkubwa wa weusi na weupe wakauweka kifuani, kwa sababu silaha inashikwa usawa wa kifua na hapo ndipo adui anatakiwa kutazama.

Mhusika wa gemu hiyo ana pembetatu chache kuliko gari moja la gemu za sasa, na bado anatazamika. Kwa hiyo Mzee wa Pikseli, pale hapakuwa na ufinyu wa rangi tatu. Walikuwa na uwezo wa kufuata uhalisi, wakachagua kuacha.

#20 Mzee wa Pikseli

Kuchagua kuacha ni kujitengenezea ufinyu. Lucas Pope kwenye Return of the Obra Dinn ya 2018 alijinyima hadi zikabaki rangi mbili, kwenye dunia ya pande tatu, na ilimbidi ahangaike kweli ili vidoti vinavyoigiza vivuli visitambae machoni kamera inapozunguka. Bado nasimama palepale.

#21 Duka la Mawe

Hakuna aliyegusa mawe. Nina maana mawe yenyewe. Kampuni ya Quixel ilipiga picha miamba, magome na udongo wa kweli kutoka pande mbalimbali ikajenga maktaba kubwa, kampuni ya gemu ya Epic ikainunua Quixel mwaka 2019. Tangu hapo studio kubwa na mtu mmoja chumbani wanaweza kutumia jiwe lilelile. Ni msaada mkubwa, nautumia na sitaacha. Lakini zamani kila studio ilikuwa na jiwe lake, na ungeweza kutambua mkono wa mchoraji kwenye jiwe. Jiwe lilipigwa chumvi, ufa ukakuzwa, upande wa juu ukafanywa bapa ili ujue panasimamika. Jiwe lililopigwa picha halina nia yoyote. Halijui kwamba kuna mchezaji.

#22 Fundi Modeli

Duka la Mawe, sentensi yako ya mwisho nimeinakili nitaibandika juu ya skrini yangu.

#23 Tupa Tupu

Nyote mnazunguka. Cuphead ya 2017 ilitoka enzi hizihizi, imechorwa kwa kompyuta kama nyingine, na kila kitu kinasomeka. Basi tatizo ni uvivu tu.

#24 Mwendo Kasi

Tupa Tupu, usitulishe matango pori. Cuphead ilichorwa kwa penseli kwenye karatasi, fremu kwa fremu, ikapigwa wino kwa mkono, na mandhari yakapakwa rangi za maji. Kompyuta iliingia kwenye kutia rangi wahusika baada ya karatasi kuskaniwa. Maja Moldenhauer ndiye aliyebeba kazi ya wino. Fremu 24 kwa sekunde, kama katuni za miaka ya 1930. Ukiita wachoraji wavivu, chora mtu mmoja akitembea hatua mbili kwa njia hiyo kisha urudi hapa.

Na hata kuingiza vitu vya mkono ndani ya kompyuta si jambo jipya. Mazimwi kadhaa ya Doom ya 1993 yalifinyangwa kwanza na mchoraji wake Adrian Carmack, yakapigwa picha kutoka kila upande, ndipo yakageuzwa spraiti. Bunduki kadhaa zilikuwa za kuchezea watoto.

#25 Kipanya

Tupa Tupu ameondoka bila kuaga.

#26 Tupa Tupu

Nipo. Nimeanza na penseli, mguu wa kushoto unakataa.

#27 Mwendo Kasi

Mguu ukigusa chini, goti likunjwe kidogo na kichwa kishuke. Mguu unapopishana na mwenzake, kichwa kipande. Usipomshusha na kumpandisha ataelea.

#28 Msoma Sheria

Naona mada haijagusa akili mnemba, na kwa kazi hii haikwepeki. Tangu 2022 programu za kutoa picha kwa maneno zilipoenea, michoro ya dhana ndiyo iliyoguswa kwanza. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walizishtaki kampuni za Stability AI, Midjourney na DeviantArt huko Marekani kwamba kazi za wasanii zilitumika kufundishia mashine bila ridhaa. Ortiz mwenyewe ni mchoraji wa dhana. Mwezi uliofuata ofisi ya hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba picha zilizotolewa na Midjourney kwenye kitabu kimoja cha katuni hazilindwi, ingawa maandishi na mpangilio vinalindwa. Januari 2024 duka la gemu la mtandaoni la Steam likawataka watengenezaji watangaze walipotumia akili mnemba.

Kwa hiyo studio ikijaza gemu picha za mashine, inajaza mali ambayo huenda haiwezi kuidai mahakamani.

#29 Kivuli Kirefu

Asante Msoma Sheria. Mimi naogopa kitu kingine. Mchoro wa dhana si picha ya kupendeza, ni jibu la maswali. Mlango huu unafungukia ndani au nje? Mgongoni mwa hili vazi kuna nini, maana kamera itamtazama mgongoni gemu nzima? Mashine inatoa mbele ya kuvutia, na ukigeuka hakuna mtu aliyefikiria mgongo. Halafu mchoro unamfikia Fundi hapo juu, anabuni mwenyewe kwa haraka. Hapo kutoeleweka kwa chumba kunazidi.

#30 Fundi Modeli

Imeshanitokea. Vifungo vya koti vimegeuka kuwa zipu katikati ya kifua. Niliuliza kipi ni sahihi, jibu likawa "chagua wewe".

#31 Duka la Mawe

Tusitoke nje ya mada, uzi wa akili mnemba uanzishwe peke yake. Ila niseme moja kuhusu majina, kwa sababu linahusiana. Nilifanya kazi ya mandhari kwa studio fulani kupitia kampuni ya kati. Gemu ilipotoka, orodha ya waliotengeneza, ile ya mwishoni, iliitaja kampuni ile tu, sisi hatumo. Mtu asipoonekana kwenye kazi, anabeba vipi jukumu la chumba kizima? Anakabidhi jiwe, anaondoka.

#32 Binti Rangi

Pole sana. Ni donda la zamani. Warren Robinett alificha jina lake ndani ya chumba cha siri kwenye Adventure ya 1980, kwa sababu Atari hawakuwa wakiandika majina ya waliotengeneza. Rieko Kodama wa Sega, aliyechora Phantasy Star ya 1987, alikuwa akiandikwa kama Phoenix Rie. Na mwaka huohuo wote walimjua Yoshitaka Amano kwa michoro ya Final Fantasy, lakini aliyegeuza mistari ile laini kuwa vijitu vidogo vya pikseli ni Kazuko Shibuya. Kamuulizeni mchezaji wa kawaida anamjua nani kati yao. Kwa hiyo Duka la Mawe, nakuonea uchungu, lakini enzi za kutokuandikwa ndizo mtoa mada anazozisifu. Jina peke yake halielezi.

#33 Wino Mzito

Nimesoma yote. Mpaka sasa nina ufinyu, televisheni, kumbukumbu zetu zinazochagua, mgawanyo wa kazi, mwendo, mwanga, mawe ya maktaba na mwenye fedha anayetaka majani. Binti Rangi amebomoa karibu kila moja na hajajenga lake. Wewe unasemaje?

#34 Binti Rangi

Langu ni fupi: inategemea nani ana haki ya kusema "toa". Kila mtu kwenye studio ana haki ya kuongeza. Ukipata mkurugenzi wa sanaa anayeweza kuondoa kitu kizuri kilichokwisha kulipiwa, gemu inasomeka, iwe ya kihalisi au ya katuni. The Wind Waker ya 2002, gemu ya mfululizo wa Zelda, ilitukanwa sana, maana miaka miwili kabla watu walikuwa wameonyeshwa Link, shujaa wa mfululizo huo, akiwa wa kihalisi. Wakashikilia katuni yao, na leo bado inatazamika.

#35 Mpangaji

Mkurugenzi wa hivyo nimefanya naye kazi. Alitoa, tukafurahi, kisha watu wa mauzo wakarudisha. Haki ya kusema "toa" bila fedha nyuma yake haifiki popote.

#36 Mgeni wa Tatu

Samahani wakubwa, mimi ndiyo naanza. Nataka kuwa mchoraji wa gemu. Nianze na pande mbili au tatu? Kompyuta yangu ni dhaifu.

#37 Mzee wa Pikseli

Karibu. Anza na pikseli, 16 kwa 16, rangi tatu. Kompyuta yoyote inatosha.

#38 Fundi Modeli

Blender, programu ya kutengeneza modeli za pande tatu, ni ya bure na iliachiwa huru mwaka 2002, na modeli nyepesi zitakwenda kwenye mashine yako. Usimsikilize Mzee peke yake, waajiri wengi wanatafuta watu wa pande tatu. Fanya kitu kimoja kidogo hadi mwisho, kiingize ndani ya injini, kitembelee. Picha nzuri ambayo haijaingia injini hainiambii kama unaijua kazi.

#39 Jicho Moja

Na mhusika wako ukimaliza mjaze nyeusi yote. Kama hutambui anafanya nini, rudi nyuma. Hiyo ni kwa niaba yetu.

#40 Kivuli Kirefu

Jaribio la nyeusi linafaa wahusika, kwa mazingira halifai. Kwa mazingira ondoa rangi, punguza picha hadi upana wa pikseli 100 hivi, mwonyeshe mtu asiyeijua gemu kwa sekunde moja, kisha muulize angeenda wapi.

#41 Mwendo Kasi

Sekunde moja ya picha iliyotulia haitoshi. Mwonyeshe ikitembea, kamera ikiwa inazunguka kama itakavyozunguka mkononi mwake. Nimeona vyumba vinavyofaulu jaribio la Kivuli Kirefu na kufeli mtu anapoanza kukimbia.

#42 Mgeni wa Tatu

Asanteni. Naanza na pipa.